Maziwa Hayachemshwi

Kila asubuhi ninapobandika sufuria ya maziwa namkumbuka shoga yangu. Angeniona angenuna. Alikuja Miteja na mumewe na ng'ombe wao kutoka bara, wakajenga nyuma ya shamba langu la ufuta. Wanakijiji, watu wa muhogo na dagaa, waliwatazama kwa jicho la pembeni. Mimi nilikwenda kuomba samadi, nikarudi na kibuyu cha maziwa, na shoga nimeshampata.

Kwao maziwa hayachemshwi. Ukiyachemsha, ng'ombe uliyemkamua anakauka kiwele. Basi nikayanywa hivyo hivyo, yananukia moshi wa kibuyu, na wallahi sijapata kuonja kitu kitamu vile.

Kisha homa ikanishika. Inakuja jioni, inaniacha nimelowa jasho, viungo vyote vinauma. Nikameza dawa ya malaria, wapi. Ya taifodi, wapi. Mwishowe daktari wa mjini akaniuliza kama ninakunywa maziwa mabichi. Ni brusela, akasema, ugonjwa wa mifugo, akanipa vidonge vya wiki nyingi. Nikaanza kuchemsha kimyakimya.

Haukupita muda, ng'ombe wake mmoja akatupa mimba na maziwa yakakatika. Shoga akaja, akasimama mlangoni.

"Dada, umechemsha?"

"Nimechemsha. Daktari kaniambia. Ng'ombe wako ndiye mgonjwa, shoga."

"Mbona hakuugua kabla hujabandika sufuria yako?"

Hasira zikanipanda. Nikamwambia ana kichwa kigumu kuliko fahali wake. Akageuka akaenda zake. Masika yalipokwisha wakahama kufuata malisho, wala hakuniaga.

Nina hamu naye, sifichi. Nina hamu hata na kicheko chake siku aliponifundisha kukamua, nikapigwa teke nikakalia samadi.

Juzi nimerudi kwa daktari kupimwa. Nimepona, alhamdulillahi. Nikamuuliza habari ya yule ng'ombe. Akasema ni ugonjwa huo huo, tena mwanamke naye unaweza kumharibia mimba.

Shoga yangu hana mtoto. Mimba zake ziliharibika akiwa hapa hapa Miteja, na mimi ndiye niliyemkanda tumbo na kumwambia ni kazi ya Mungu, avute subira.

Simu yake haipatikani. Kila mfugaji anayepita namwuliza, hakuna anayejua walikoelekea. Na huko aliko, namjua mimi, kila kukicha anakunywa maziwa mabichi ili apate nguvu ya kubeba mtoto.