Muhuri Ulioachwa kwa Baba wa Ubatizo

Mimi ndiye niliyemshauri Nemesia Cabahug adanganye, na sitajificha, maana sipendi watu wanaojitakasa mambo yakishaisha. Nina mgahawa mkabala na ofisi za mji wetu hapa kisiwani Bohol, Ufilipino. Nemesia nimemjua tangu akija kununua wali na dagaa amevaa sare ya shule, na nimemlisha mpaka akawa injinia.

Kuwa injinia kwetu si jambo dogo. Baba yake alikuwa mkwezi wa minazi; alianguka akafa Nemesia akiwa na miaka tisa. Aliyemlipia chuo, na baadaye masomo ya kujiandaa na mtihani wa leseni kule Cebu, kisiwa cha jirani, alikuwa baba yake wa ubatizo, mkandarasi Policarpo Amoguis. Siku matokeo yalipotoka, Policarpo alitundika bango la turubai juu ya barabara kuu, lenye picha ya Nemesia kubwa kuliko ya meya, na chini yake: HONGERA INJINIA. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake tena, hata mama yake mzazi. "Injinia, kuni zimekwisha." Tulicheka, lakini tulijivunia kweli.

Sheria ya mainjinia ni nyepesi kueleza. Injinia mwenye leseni ana muhuri wa chuma, ule unaobana karatasi ukaacha alama ya mviringo yenye jina lake na namba yake. Mchoro usio na alama hiyo haupati kibali cha ujenzi. Na haruhusiwi kuubana kwenye mchoro ambao hakuuchora mwenyewe wala kuusimamia. Mwanzoni Nemesia alikagua kila mchoro wa Policarpo, kalamu nyekundu mkononi, wali wangu ukipoa mbele yake. Kisha akapata kazi ya barabara upande wa pili wa kisiwa, akawa anarudi Jumamosi tu. Policarpo akamwambia wateja wanasubiri. Si auache muhuri ofisini, pamoja na karatasi chache alizokwisha kutia saini, michoro ataitazama akirudi?

Mtu wa mbali atauliza kwa nini hakukataa. Utamkatalia vipi mtu aliyekununulia mpaka soksi? Na ukishauacha, utaudai vipi bila kumwambia kwamba humwamini? Neno hilo halisemwi kwa baba wa ubatizo. Muhuri ulikaa kwenye droo ya Policarpo miaka minne.

Mwaka wa nne roshani ya bweni la wanafunzi wa uuguzi ilianguka. Ilikuwa Jumapili asubuhi, wanafunzi wako misani. Ilimwangukia mfua nguo, mama Felisa, aliyekuwa akianika mashuka chini yake. Hakufa. Alivunjika nyonga, na mpaka leo anatembelea magongo. Wachunguzi walikuta nondo pungufu ndani ya zege, na kwenye michoro wakakuta muhuri wa Nemesia. Bodi ya wahandisi ikamwita Cebu ajieleze kwa nini asifutiwe leseni.

Wiki hiyo Policarpo alikuja mgahawani, akaketi na Nemesia meza ya nyuma, nami nikaifuta meza ya jirani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alikuwa na kiapo kilichokwisha kuchapwa. Kilisema muhuri uliibwa na mchoraji wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa kibaruani Qatar.

"Saini tu, mwanangu," alisema. "Yule yuko mbali, haitamdhuru. Watakupa onyo, utaendelea na kazi yako."

Asiyekuwepo na lake halipo. Nami, Mungu anisamehe, niliona ni maneno ya busara. Policarpo alipoondoka nilimvaa Nemesia.

"Saini, we mtoto. Leseni ikienda, mama yako atakula lile bango?"

"Dada Isidra, muhuri haukuibwa. Niliuacha mwenyewe."

"Nani anajua?"

"Najua mimi. Nisichokijua ni majengo mengine waliyoyapitisha kwa muhuri huo."

Nilikwenda naye Cebu kwa meli ya asubuhi, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Policarpo alikuwa ameshafika kama shahidi, ameketi kwenye korido na shati jeupe lililonyooka. Nemesia alimwendea, akainama, akashika mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wake, kama kila mtoto wetu anavyomwamkia mkubwa. Mzee akatabasamu. Nami nikajua amekikubali kile kiapo.

Nemesia aliingia, akaapa, akasema yote: mwezi aliouacha muhuri, droo ulimokaa, karatasi ngapi zilikuwa na saini yake. Hakumtukana Policarpo hata kwa neno moja. Mwenyekiti, mama mwenye mvi, alimwuliza kama anaelewa kwamba maneno hayo yanamwondolea leseni.

"Naelewa, mheshimiwa. Naomba orodha ya majengo yote yenye muhuri wangu."

Kwenye meli ya kurudi nilikaa mbali naye. Nilikuwa na hasira naye, ya kumwona mtoto niliyemlisha anaitupa sahani.

Leseni ilifutwa mwezi uliofuata. Policarpo naye ana kesi yake, inajikokota. Mji ulimgeukia Nemesia. Fadhila za punda ni mateke, walisema, wakisemea hapa hapa mezani kwangu, nami niliwapakulia supu bila kuwabishia. Waliokuwa wakimwita Injinia kwa heshima wakawa wanamwita kwa kejeli, na kila mara aliwajibu taratibu, "Nemesia tu." Mama yake alilitoa lile bango sandukuni akaliezekea banda la nguruwe, upande wa picha ukiwa chini ili majirani wasiione.

Orodha ilikuwa na majengo thelathini na saba. Nemesia alianza kuyazungukia kwa miguu, na nyundo ndogo mkobani, akiwaeleza wenyewe kwa mdomo wake alichokifanya. Wengine walimsikiliza. Wengine walimfungulia mbwa.

Jumanne moja, wali haujaiva bado, akaingia kwangu. Nikamwuliza anakula nini.

"Sili, dada. Nimekuja kwa ajili ya nyumba."

Ghorofa yangu, mgahawa chini na vyumba vyetu juu, alinijengea Policarpo miaka mitatu nyuma. Siku ya kusimamisha nguzo nilifanya yote yanayotakiwa na mila: nilichinja jogoo mweupe, nikadondosha damu kwenye mashimo manne, nikatia sarafu kila shimo. Nondo sikuzihesabu. Michoro ya kibali ilikuwa na muhuri wa Nemesia, nikaona yametimia. Hata roshani ilipoanguka sikuifikiria nyumba yangu. Mtu hufikiria nyumba za wenzake.

Aligonga nguzo moja moja, sikio karibu. Tatu zilijibu vizuri. Ya nne, iliyo chini ya chumba cha binti yangu Rosenda, ilitoa sauti ya kopo tupu. Akaniomba ruhusa, akabandua plasta, na zege likawa linamomonyoka kwenye ncha ya nyundo kama biskuti. Nondo iliyojitokeza ilikuwa nyembamba kama kidole cha mtoto, imeliwa na kutu.

Nemesia aliketi sakafuni.

"Jina langu liko kwenye karatasi zako," alisema, "na nguzo hii naiona leo kwa mara ya kwanza. Nisamehe, dada Isidra."

Nilikuwa nakifikiria kile kiapo. Kama angenisikiliza, asingekuwa na orodha, wala nyundo, wala sababu ya kuja hapa. Angekuwa ofisini anaitwa Injinia, na mwanangu angepanda kulala kama kawaida.

"Rosenda asilale juu tena," akasema. "Tafuta injinia mwenye leseni aje aiangalie. Zaidi ya hapo siruhusiwi kukushauri."

"Njoo unisaidie," nikamwambia.

Tulipanda juu, tukakibeba kitanda cha binti yangu, yeye mbele mimi nyuma, tukakishusha ngazi moja moja mpaka chini, tukakitoa nje ya nyumba, karibu na meko ya uani.