Msamaha wa Mama Hermina

Mama Hermina amesamehe watu wengi kuliko padri wetu. Padri husamehe waliokuja kuungama, lakini Mama Hermina husamehe hata wasiojua wamekosa nini. Nilipoolewa katika kijiji hiki, huku milimani juu ya mji wa Maumere, kisiwani Flores, sikumaliza hata wiki ya kwanza kabla hajanisimamisha kisimani.

"Mwanangu," akaniambia, "nimekusamehe."

"Kwa lipi, Mama?"

Akanipapasa shavu. "Usijali. Yamekwisha."

Nilikaa mwezi mzima nikijichunguza kama mwizi asiyekumbuka alichoiba. Mpaka leo sijui kosa langu, na hasira ya siku ile bado ninayo kidogo.

Ndiye anayeongoza rozari katika jumuiya yetu. Sauti anayo, kumbukumbu anayo, na magoti yake yametengenezwa kwa kitu ambacho sisi wengine hatukupewa. Akifika kwenye Baba Yetu, pale pa kuomba makosa yetu yasamehewe hupapita mbio, halafu kwenye "kama tunavyowasamehe waliotukosea" anapunguza mwendo, anapandisha sauti, na jicho moja linazunguka chumbani likimtafuta mdogo wake, Paskalia.

Paskalia hufumba macho yake. Nyumba yake ni ya pili kutoka kwa ya dada yake, na kati yao ipo nyumba ya mzee Klemens. Ndugu hawa, wa tumbo moja, hawasemezani. Mtoto aliyezaliwa wiki walipoacha kusemezana sasa anachunga nguruwe. Lakini kuomba, wanaomba, na sisi tumezipata habari zao zote kwa njia hiyo.

Baada ya rozari, kila mwenye ombi hulitamka kwa sauti, na wote tunajibu: "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Basi hapo ndipo utamsikia Paskalia, mpole, macho yamefumbwa: "Ee Bwana, uwalinde mbuzi wa jirani zetu, hasa yule dume mwenye pembe moja, aliyekata kamba asubuhi na sasa yumo kwenye mihogo yangu."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Na Mama Hermina naye: "Ee Bwana, wape wenye mihogo moyo wa kujenga ua, maana hata wewe bustani yako uliiwekea malaika mlangoni."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Kesho yake ua umejengwa na mbuzi amefungwa, na hakuna aliyesema na mwenzake. Mwenyekiti wetu wa jumuiya, mzee Wens, huwa anasema nguvu ya sala ni kubwa. Mimi hujiumauma midomo.

Chanzo cha ugomvi wao kilikuwa siku ya kumzika mama yao. Kwetu jeneza halifungwi kabla mabinti hawajamfunika marehemu kwa nguo walizofuma wenyewe, na waliokuja msibani hupita kutazama. Mama Hermina alitandaza yake kwanza. Alikuwa ameifuma kwa misimu miwili, na wekundu wake ulitoka kwenye mizizi ya mti uitwao mengkudu, ambayo huchimbwa, ikatwangwa, ikachemshwa mpaka mikono ya mfumaji inakuwa kama ya mchinjaji. Paskalia akatandaza yake juu. Mama Hermina akaishika ncha, akalowesha kidole kwa mate, akasugua, akakitazama kidole chake. Kisha akasema mbele ya watu wote, "Hii ni rangi ya dukani. Mama yetu hataingia mbinguni na rangi ya dukani."

Akaivuta, akaikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe. Misumari ikapigwa. Paskalia akabaki na nguo yake mikononi kama mtu aliyeleta chakula akaambiwa watu wameshiba. Nilikuwa nimesimama karibu naye na sikusema kitu, kama wenzangu wote.

Tangu siku hiyo Mama Hermina amemsamehe Paskalia kosa la kuweka nguo yake juu ya nguo ya dada mkubwa. Humsamehe kila mwaka, kwa sauti, tukiwa mashahidi. Wahenga waliosema nyani haoni kundule nadhani waliwahi kusali naye.

Sasa, mwezi wa Oktoba sanamu ya Mama Maria hailali kanisani. Leo inalala nyumba hii, kesho nyumba inayofuata, mpaka kijiji kiishe. Aliyempokea jana ndiye anayembeba leo kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna kutuma mtoto wala kumwachia mwenyekiti. Anayempokea hutandika mezani nguo bora ya nyumba yake, mgeni akawekwa juu yake, kisha wenye nyumba wawili hukumbatiana na kutakiana amani. Hapo ndipo tunapiga magoti. Halafu kahawa, mihogo ya kukaanga, na kwa wanaume moke, pombe yetu ya mlontari, mti wa jamii ya mnazi, ambayo nayo imewavuta wengi kwenye rozari.

Miaka yote Mama Hermina alimpelekea mzee Klemens, na mzee Klemens akampelekea Paskalia. Mzee mwenyewe alikuwa kiziwi, akitandika mezani plastiki yenye picha za matunda, na akisinzia kabla ya fumbo la pili. Hatukujua kwamba amani ya kijiji chote ilikuwa imemwegemea yeye, mpaka mwanawe alipokuja mwaka huu kumchukua wakaishi wote mjini Ende. Nyumba ikafungwa kufuli.

Jioni ile sanamu ilikuwa kwa Mama Hermina. Ulipofika wakati wa maombi, Paskalia alisubiri wengine wamalize.

"Ee Bwana," akasema, "nakuomba safari njema. Mwanangu Yovita ameniita kisiwani Kalimantan, nikae naye moja kwa moja. Nguruwe nimeshauza. Meli ni Jumapili. Kaburi la mama naliacha mikononi mwako, na mikononi mwa jirani."

"Ee Bwana," tulianza, na wengine hawakumaliza.

Mama Hermina, ambaye hajawahi kukosa neno, alianza Salamu Malkia akaishia kwenye sala ya kabla ya chakula. Tukajibu amina kwa heshima, na mihogo ikaletwa. Nilimwona akimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Nilimhurumia, na nilikasirika kwa kumhurumia.

Asubuhi mzee Wens alimwendea uani. Mimi nilikuwa naanika mahindi upande wa pili wa njia, na masikio sikuyaziba.

"Mama, nimefikiri. Leo nitambeba mimi. Mgongo wako huo."

"Mgongo wangu una nini?"

"Hauna kitu, Mama. Ila sanamu nzito, na wewe na yule… si unajua."

"Sijui. Niambie."

"Basi tumpeleke kwanza ng'ambo ya njia, kwa mwalimu, halafu…"

"Wensislaus!" Alimtaja jina lote, la ubatizo. "Unataka watu waseme nina kinyongo? Mimi? Mimi nilishasamehe zamani! Mwenye lake rohoni ni yeye. Nitambeba, nitamfikisha, nitamkumbatia. Kama hataki, Mungu anaona."

"Mungu anaona, Mama," akasema mzee Wens, akajiondokea. Aliponifikia akanong'ona, "Na sisi tutaona."

Jua lilikuwa bado halijatua tulipotoka. Mama Hermina alitangulia amemkumbatia Mama Maria kifuani, sisi nyuma tukiimba, na wimbo ulikuwa na sauti nyingi kuliko kawaida. Hata wale ambao Oktoba nzima huwa wanaumwa malaria walikuwa wamepona.

Mlango wa Paskalia ulikuwa wazi. Ndani hamkuwa na kitu isipokuwa mabegi yaliyofungwa kwa kamba, na meza. Juu ya meza alikuwa ametandika nguo. Ile ile ya msibani, nyekundu, na ndege weupe pembeni, mikunjo yake ikionekana bado, maana haikuwahi kuvaliwa.

Mama Hermina alivuka kizingiti, akaiona, akasimama.

Tulisubiri. Wimbo ulikwisha tukauimba tena. Ukaisha tena, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuuanza mara ya tatu. Mikono ya Mama Hermina ilianza kuchoka, kwa sababu Mama Maria wetu ni wa plasta na si mwepesi. Basi akafanya analolijua. Akafumba macho.

"Ee Mama Maria, wewe wajua kwamba nimemsamehe mdogo wangu."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie."

"Wajua kwamba nilimsamehe siku ile ile, pale pale mbele ya jeneza."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie."

"Wajua kwamba sina…"

"Dada," akasema Paskalia.

Neno hilo lilikuwa halijasikika kinywani mwake tangu siku ya mazishi.

"Dada, huyo mzito. Muweke."

"Sioni pa kumweka."

"Meza hiyo hapo."

"Naona nguo."

"Ni rangi ya dukani," akasema Paskalia. "Ulisema kweli. Mwaka ule mvua iligoma, mizizi sikuipata. Mama aliiona ingali kwenye mtambo wa kufumia. Akaniambia, nzuri hii, nitaondoka nayo."

Mama Hermina akaitazama nguo.

"Alijua ni ya dukani?"

"Alikwenda na mimi kununua."

Mtu mmoja nyuma yangu alikohoa akajuta. Paskalia hakuwa amepandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. "Msamaha wako nimeupata kila mwaka, Dada, asante. Jumapili naondoka nao, sijui niutie begi lipi. Huu wa kwangu nilikuwa nao tayari muda wote. Hakuna aliyekuja kuuomba."

Mama Hermina akapiga hatua mbili, akamweka Mama Maria juu ya wekundu ule, taratibu, akahakikisha hayumbi. Mkono wake ukaenda shingoni kutafuta rozari, ukaigusa, ukaiacha. Kisha akafanya jambo ambalo kwetu halifanywi. Alimpa Mama Maria mgongo. Akamtazama mdogo wake, macho yakiwa wazi, na nikatambua kwamba sikuwahi kumwona akisema jambo zito bila kuyafumba.

"Nilikuaibisha mbele ya watu," akasema. Sauti yake nzuri ilikuwa imekwenda wapi sijui, maana hii ilikuwa ya bibi kizee. "Nilikunyima kumfunika mama. Nisamehe, Paskalia."

Na sisi, wapumbavu tuliozoea, tukajibu wote kwa pamoja:

"Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Paskalia aligeuka na macho ya moto. "Nyamazeni, ninyi! Hilo nimeombwa mimi."

Akamgeukia dada yake, akamshika mikono yote miwili.

"Nimekusikia," akasema.