Maziwa ya Shamba la Pareto

Mjukuu wangu akiwasha dawa ya mbu, harufu ile ya pareto hunirudisha kwenye shamba la mzungu, juu ya Nakuru, asubuhi ile ya siku za hali ya hatari, askari walipomtia mama ndani ya lori na kuniachia mdogo wangu mchanga mgongoni.

Jua lilipopanda, mtoto alikuwa amelia hadi sauti ikakauka. Nilimlambisha uji kwa kidole, akautema. Macho yake yakaanza kulegea. Nilidhani anakufa.

Jirani yetu Mkipsigis, ambaye tangu wagombane juu ya kuku hakuwa akisalimiana na mama, akatua kikapu chake cha maua.

"Lete huyo mtoto."

Akamnyonyesha palepale, katikati ya pareto. Maziwa yalipomwishia, akamwita mama mmoja Mluhya aliyekuwa akichuma karibu: "Dada, njoo umalizie. Mimi nimekauka."

Nyapara akaja na kiboko chake. Akamwona mtoto akipitishwa kutoka kifua hadi kifua, akageuka, akasimama akitazama ziwa la Nakuru kule chini.

Ikawa hivyo kila siku, hadi mama akarudi, amekonda, miguu imevimba. Alimkuta mtoto mnene, anatambaa.

"Ni nani alikuwa akimnyonyesha?" akaniuliza.

Kabla sijajibu, kote shambani wanawake waliokuwa wameinamia maua waliinua vichwa. Mama akawatazama mmoja mmoja, asijue aanze kumshukuru nani.