Vitabu Vinne vya Mwaka Huu

Kila tarehe mosi Januari nilikuwa nikiandika orodha ya vitabu kumi na viwili vya kusoma, kimoja kwa kila mwezi, na kuibandika kwenye mlango wa kabati letu hapa Newala. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na orodha ile ilinipa kiburi. Wenzangu walipanga kuezeka bati au kuongeza shamba, mimi nikijigamba kwa kurasa. Mume wangu alizoea kunitania kwamba iko siku nitampakulia karatasi kwenye sahani.

Mwaka juzi nilimaliza tisa. Mwaka jana, mpaka Juni nilikuwa sijavuka cha tatu. Nilikuwa nikimaliza mstari, narudi kushoto, naukosa mwanzo wa unaofuata. Nikaanza kuweka rula chini ya maneno kama mtoto wa darasa la kwanza, na mtu akiingia naificha.

Nilijua cha kulaumu. Juni ndiyo tunaanza kupuliza salfa, unga wa kuzuia ukungu, kwenye mikorosho, na shamba letu la Mnyambe ni kubwa kiasi. Vumbi lile likikuingia, macho yanawasha na kuwa mekundu. Kwa hiyo huku kwetu ukilalamika macho, unaambiwa ni salfa, nawa maji, subiri msimu uishe. Mama yangu naye aliambiwa hivyo. Alipopofuka kabisa tukasema salfa imemmaliza, na mwaka uliofuata tukapuliza kama kawaida.

Nami nikasubiri. Macho yangu hayakuwasha, wala hayakuwa mekundu, na hilo nililiona mapema nikalinyamazia. Msimu ukaisha, tukaokota korosho, mvua za kwanza zikaosha majani, na mistari ikaendelea kunipotea. Hapo ndipo nilipoogopa. Kwa kuwa niliogopa, nikazidi kunyamaza.

Novemba, karibu na soko, bodaboda ilitokea kushoto kwangu kama imeshushwa kutoka hewani. Dereva alifunga breki, gurudumu likagusa kanga yangu. Niliwahi kumfundisha.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, akihema. "Mbona umeniangalia kabisa halafu ukaja?"

"Marahaba," nilijibu. Sikuwa nimemwona.

Wiki ile ile mume wangu alinipeleka Masasi kwa daktari wa macho. Alikuwa kijana mpole, akanipima kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akasema ni presha ya macho. Haiumi, inakula pembeni kwanza, na mtu hajui mpaka imefika mbali. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, nikiitumia kila siku bila kukosa.

Nikamuuliza swali la kipumbavu, kilichobaki kitanitosha vitabu vingapi. Hakucheka. Aliniuliza kuhusu mama yangu, nikamweleza, akaweka kalamu chini.

"Una watoto, Mwalimu? Ugonjwa huu hufuata ukoo. Waje wapimwe, hata kama wanaona vizuri."

Ninaye mmoja, binti, anauza kwenye duka la pembejeo Tandahimba. Alikuja kwetu kwa mwaka mpya. Asubuhi ile nilikuwa nimebandika orodha yangu ya mwaka huu, vitabu vinne, kwa herufi kubwa za ubaoni. Nimechagua vile ambavyo nitaumia nikifa bila kuvisoma, au nikipofuka, kwangu ni mamoja.

"Vinne tu, mama?" alicheka. "Umeanza kuchoka."

Nikamwambia yote. Alinishika mkono, akalia kidogo, akaahidi kunikumbusha dawa kwa simu. Nilipomwambia naye aende Masasi akatikisa kichwa.

"Mimi mzima. Macho yananisumbua kidogo, lakini yangu ni salfa."

Tulikuwa Januari, msimu wa salfa umeisha kitambo. Nikamkalisha kitini mlangoni, penye mwanga, nikakaa mbele yake, nikamfanyia kama daktari alivyonifanyia. Nilimwambia afunike jicho la kulia, aniangalie puani, aseme mara tu atakapoona vidole vyangu vinacheza. Nikanyoosha mkono kushoto kwake, mbali, nikavichezesha. Alikaa kimya, akitabasamu kwa kuniridhisha. Nikausogeza mkono taratibu. Ukapita usawa wa bega lake, ukapita sikio, vidole vikicheza, mpaka vikakaribia shavu lake.

"Haya mama," alisema, "anza basi."