Biskuti Alivyoshindana Peke Yake

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikianza kusimulia halafu mtu anajikohoza kuficha kicheko, mimi hasira zangu ziko karibu, mnanijua. Aibu hii nimeibeba tangu nilipokuwa msichana wa Birmingham, nywele nimezichana juu zimekuwa duara (ndiyo ilikuwa fasheni, msinitazame hivyo), na mpaka leo nikisikia ndama analia mahali masikio yananiwaka moto.

Nilikuwa nakaa Acocks Green kwa shangazi yangu, dada yake baba, mkunga wa hospitali, mwanamke ambaye akikutazama tu unakumbuka hukutandika kitanda. Kazi nilifanya Tyseley, kwenye kiwanda cha skrubu, nasimama kutwa mbele ya mashine inayogonga ta! ta! ta!, na mimi toka utotoni siwezi kutulia, miguu inawasha, nikikaa naona kama maisha yananipita dirishani. Msimamizi alikuwa ananiuliza kila siku naenda wapi tena. Naenda chooni, naenda maji, naenda kuchungulia mvua kama imekatika. Shangazi alitaka niache skrubu nikasomee unesi, lakini mimi, jamani, nilikuwa nataka farasi.

Mtauliza farasi wa wapi tena Birmingham. Baba yangu alikuwa saisi kwenye ranchi moja kule West Kilimanjaro, kazi yake kuwatunza farasi wa Wazungu, na sisi watoto wake tulikulia migongoni mwa farasi hao, bila tandiko wala nini, jioni tunarudisha ng'ombe zizini. Kwa hiyo siku alipokuja kiwandani mama mmoja Mwingereza, Joyce, anatafuta vyuma chakavu vya kutengenezea uzio, buti zake zinanuka zizi tupu, mimi niliiacha mashine inagonga yenyewe nikamfuata mpaka getini. Kumbe ana farasi nje ya mji, na kumbe amepagawa na mambo ya Marekani: matandiko makubwa yenye pembe kwa mbele, kofia pana, ngozi za kufunga juu ya suruali, na mashindano ya kuendesha farasi katikati ya ng'ombe kama wafanyavyo kwenye ranchi za huko. Basi kila Jumamosi nikawa napanda basi kwenda kwake, nazoa mavi, napiga brashi, namzoesha farasi wake mmoja wa rangi ya kahawia aliyeitwa Biskuti, na nikirudi nyumbani nalala usingizi wa mtoto.

Siku moja Joyce akaniambia, "Elinipa, msichana wangu wa kazi anaolewa. Nataka mtu wa kuhamia hapa, awe ananifundishia farasi wadogo. Tuna mashindano mwezi ujao. Ingia daraja la wanaoanza, umalize bila kosa mbele ya watu wanaoniletea farasi wao, halafu kazi ni yako."

Mwenzenu nilirudi nyumbani siketi, naongea nimesimama. Shangazi akaweka kikombe chini. "Siwezi kumwambia kaka yangu kwamba binti yake amevuka bahari kuja kuzoa mavi," alisema. "Nitakuja nione mwenyewe. Nikiona ni kazi ya mtu mzima, nitamwandikia na utakwenda. Nikiona mchezo mchezo, unakwenda kuandikishwa unesi, na sitaki kusikia mguu wako unagonga sakafu yangu tena."

Kwa hiyo nilihitaji watu wawili wanikubali siku moja: Joyce aone namaliza, Shangazi aone mtu mzima.

Siku ya siku nilitoka nyumbani kabla Shangazi hajarudi kutoka zamu ya usiku, hata kumwamkia sikumwamkia (likumbukeni hilo), nikafika uwanjani nikiwa wa kwanza, nikazunguka zunguka pale kwenye matope mpaka mtu wa hema la chai akaniuliza nimepoteza nini. Mashindano yenyewe yalikuwa na madaraja. La wanaoanza, unashika hatamu kwa mikono miwili, unapewa farasi mzee anayeijua njia kuliko wewe, unazunguka mapipa, unafungua geti unafunga, basi. La kati ndilo lenye ng'ombe: hatamu mkono mmoja, unaingia polepole kwenye kundi la ndama, unamtenga mmoja, unamzuia asirudi kwa wenzake mpaka honi ilie. La juu kabisa ni la mabingwa, hilo tuliache.

Haya, nikaenda kuwaona wenzangu wa daraja la wanaoanza. Watoto! Watoto watupu, jamani, wengine hawana meno ya mbele, mama zao wanawafuta makamasi, na mimi katikati yao na kifua changu, na miguu yangu inakaribia kugusa chini kila upande wa yule farasi mzee. Nikamwona Shangazi kichwani mwangu anashuka garini, ananitazama, anasema neno moja: mchezo. Joyce alikuwa mbali anagombana na mtu wa kufunga kamba za uwanja, sikumwuliza, nikaenda kwenye meza ya kuandikisha, nikamwambia bwana aliyekaa pale nihamishe, nitie daraja la kati, natumia Biskuti. Yule bwana akahamisha. Jambo dogo hivyo tu, ndilo lililonimaliza.

Jina langu lilipotangazwa Joyce akaja mbio. "Elinipa, una hakika?"

"Hakika kabisa," nikamjibu (hakika gani!).

Na mwanzo ulikuwa mzuri, haki ya Mungu. Niliingia kwenye ndama taratibu, nikamchagua mmoja mwenye uso mweupe, nikamtoa nje ya kundi kama nachomoa uzi, na Biskuti akashusha kichwa akaanza kazi yake. Farasi wale wamefundishwa, ndama akienda kulia naye kulia, akirudi kushoto naye kushoto, wewe kazi yako kukaa tu na kuacha mkono chini. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Uingereza miguu yangu ilitulia. Nikasikia raha mpaka nikaogopa.

Ndipo gari la Bwana Kanti likaingia. Bwana Kanti ni Mhindi wa Jinja, ndiye aliyetuuzia mchele na unga pale Acocks Green, na alikuwa amejitolea kumleta Shangazi pamoja na manesi wa Kikenya tuliokuwa tunasali nao. Wamechelewa, bila shaka walipotea njia. Shangazi akashuka, kofia ya kanisani, glavu nyeupe, akaja moja kwa moja mpaka kwenye uzio, pale kwenye kigeti kidogo, akasimama. Mbele yangu kabisa. Ananitazama.

Sasa nyie mniambie mngefanyaje. Sijamwamkia tangu jana. Mimi niko juu, yeye yuko chini. Baba yangu alitulea kwamba ukiwa juu ya farasi ukakutana na mkubwa wako, unashuka, unaamkia na miguu yako ikiwa ardhini, na siku kaka yangu alipomwamkia mchungaji kutoka juu ya tandiko alichapwa mpaka akalala kifudifudi. Nilijiambia endelea, Elinipa, honi bado, endelea! Lakini macho yetu yalishakutana, na miguu haikuniuliza, ikashuka. Nikaiweka hatamu juu ya pembe ya tandiko, nikaenda kwenye uzio, nikavua kofia, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, Shangazi. Za kazini?"

"Za kazini njema, tumezalisha mapacha. Umekula lakini?"

"Nimekula." (Sikuwa nimekula kitu.)

"Mbona tunasalimiana kwenye fito kama wafungwa?" akasema Shangazi, na kabla sijafungua mdomo akainua komeo, akafungua kigeti, akanikumbatia.

Huku nyuma yangu nasikia watu wanacheka. Nikageuka. Biskuti alikuwa anaendelea na kazi! Peke yake, tandiko tupu, vikuku vya kukanyagia vinaning'inia vinampiga mbavuni, yule ndama kulia naye kulia, kushoto naye kushoto, tena kwa ustadi ambao na mimi nikiwa juu yake hakuwa nao. Bwana wa kipaza sauti akasema farasi huyu angepata alama za juu kabisa za siku, tatizo ni kwamba hana mtu. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na ndama, maskini, akashtuka na kelele, akaona kigeti kiko wazi, akapita katikati yangu mimi na Shangazi kama risasi.

Biskuti naye nyuma yake.

Nilikimbia. Ngozi zile za kwenye suruali zikanasa kwenye komeo, upande mmoja ukachanika ukawa unaburuzika kwenye matope, nami nakimbia napiga mbinja ya nyumbani, ile ya kuitia ng'ombe kule kwetu, na ng'ombe wa Kiingereza atajua nini mbinja ya Kilimanjaro, ndio kwanza akaongeza mwendo akaingia hema la chai. Loo! Nilisikia meza, nikasikia vikombe, nikasikia mama mmoja anamwita Yesu. Nilipofika mlangoni mzee mmoja alikuwa bado ameketi kwenye kiti chake kwa heshima zake, ameshika kikombe, mbele yake hakuna meza. Keki ziko chini. Nyingine nilizikanyaga mimi mwenyewe, siwezi kumsingizia ndama. Na katikati ya yote hayo Biskuti akamgeuza yule ndama polepole, akamtoa hemani, akamswaga njia nzima mpaka uwanjani, akamwingiza kigetini, akasimama akimzuia asitoke. Msichana mmoja wa pale akakimbia akafunga geti.

Watu wakasimama wakapiga makofi. Shangazi yangu, ambaye hakuwa ameelewa hata kitu kimoja cha mashindano yale, akadhani makofi ni yangu, akainua mkono wake wenye glavu akawashukuru huku na huku kama mama wa bibi harusi. Ardhi ilipaswa kupasuka nikaingia, ikakataa.

Joyce alinikuta nyuma ya zizi, cream ya keki iko mpaka kwenye nywele. Hakunifokea, heri angenifokea.

"Kwenye daraja la wanaoanza ungemaliza," alisema.

Nikamwambia, tena kwa ukali, maana mimi nikiona aibu nakuwa mkali, "Kwetu hatumwamkii mkubwa kutoka juu."

"Sawa. Lakini ungemaliza kwanza." Akapangusa uso. "Zile keki ni za wake wa wenye farasi, Elinipa. Siwezi kuwaambia kwamba farasi wao nitakuachia wewe. Kazi nimempa yule aliyefunga geti."

Nikasema asante. Sijui nilimshukuru kwa nini.

Tulirudi mjini. Nilikaa kiti cha nyuma, mguu wangu unagonga sakafu ya gari na hakuna aliyeukataza, mvua inapiga vioo, manesi wanajiuma midomo wasicheke. Bwana Kanti akashindwa kujizuia. "Elinipa, hii farasi yako iko na akili sana, wewe kaa duka, yeye iko fanya kazi, unaona, hapana?" Nikamwambia aangalie barabara.

Ndipo Shangazi akageuka kutoka kiti cha mbele. Akavua glavu moja moja. Nikajua unesi umefika.

"Mimi nilikuja na nia ya kukukatalia," alisema. "Kaka yangu ana wasiwasi kwamba huku watoto wetu wanapotea, wanakuwa hawamjui mkubwa wala mdogo. Lakini leo nimekuona mbele ya Wazungu wote wale, umeacha mambo yako, umeshuka, umeniamkia. Mtu aliyelelewa hivyo hata ukimwacha zizini hapotei. Nenda kwa farasi wako, Elinipa. Usiku huu huu namwandikia baba yako."

Jamani. Nililia. Nililia kwa sauti, mabega yanaruka, kamasi na cream vimechanganyika, siwezi hata kutamka neno, na Shangazi akaguswa sana na furaha yangu, machozi yakamlengalenga, akasema tumshukuru Mungu, akaanzisha wimbo wa shukrani, manesi wakadaka, hata Bwana Kanti ambaye si Mkristo akawa anapiga makofi kwenye usukani. Ningewaambia nini? Nikaimba. Niliimba sauti ya pili, beti zote, mpaka Acocks Green, na sikupata nguvu za kumweleza Shangazi ukweli mpaka barua ilipokwisha kuwekwa stempu.

Kwa hiyo leo nawaambia mapema msije mkaninunia: mkinikuta niko kwenye kazi yangu, uwe bibi, uwe babu, uwe askofu na fimbo yako, shikamoo yako ipo, sitakudhulumu, lakini utaisubiri mpaka nimalize.