Kipande cha Saba cha Augusta Penhallow

"Bibi, mbona utepe wako una vipande sita? Kwenye picha ya ukutani viko saba!"

Winifred alikuwa na miaka minane alipouliza hivyo, mezani, mbele ya wanawake kumi na wawili waliokuwa wanakula chaza wa kukaanga na saladi ya kuku. Aliyeulizwa ni dada wa babu yake, Augusta Penhallow Marsh, wa Philadelphia. Ilikuwa Novemba 1931.

"Kimoja kiko kwa sonara, mwanangu," Augusta akajibu. "Kula."

Haikuwa kweli.

Augusta alizaliwa mwaka 1868 katika nyumba ya matofali mekundu yenye ngazi za marumaru, na hakuwahi kuishi mbali nayo zaidi ya mitaa minne. Baba yake alikuwa na makaa ya mawe ya milima miwili, ingawa nyumbani makaa hayakutajwa hata siku moja. Aliolewa na Horace Marsh, mtu mpole aliyependa mbwa, akafiwa naye mwaka 1919 bila kupata mtoto. Majira ya joto alikwenda Maine, pwani ya kaskazini, na Oktoba akarudi. Akikutana na mtu mgeni hakumuuliza anafanya kazi gani. Alimuuliza mama yake alikuwa binti wa nani kabla ya kuolewa, na akishajibiwa, ndipo alipojua ampe vidole viwili au mkono mzima.

Kazi yake hasa ilikuwa wafu. Aliwajua kwa majina, kwa makaburi, kwa ndoa zao za pili. Katika Chama cha Wajukuu wa Askari wa Uhuru kila mwanachama huvaa utepe wa hariri ya buluu kifuani, na kila babu aliyethibitishwa kwa karatasi huwa na kipande chake cha dhahabu chenye jina lake. Wengi walikuwa na kimoja au viwili, Augusta saba. Cha juu kabisa kilikuwa cha Elias Penhallow, aliyetembea na jeshi kwenye theluji wakati wa vita vya uhuru wa Marekani. Huyo ndiye aliyemwingiza chamani.

Na kanuni ilikuwa moja, haina huruma: babu aliyekuingiza akianguka, ikathibitika hakupigana, nawe unatoka, hata kama unao wengine. Unaomba upya kama mtu wa barabarani, unangoja mwaka mzima. Augusta aliijua vizuri. Mwaka 1924 ni yeye aliyesimama mbele ya wote akasoma karatasi iliyoonyesha kwamba babu wa Minnie Hoyt hakushika bunduki, alikuwa anaoka mikate mjini vita vyote. Minnie alitoka na machozi, akasahau mwavuli wake. Hakurudi kuuchukua.

Sasa, mwaka huo wa 1931, wiki tatu kabla ya uchaguzi wa mwenyekiti, kiti ambacho Augusta alikuwa amekingoja miaka kumi na tisa, binamu mmoja aliuza shamba la ukoo akamletea sanduku la karatasi. Ndani mlikuwa na barua ya Elias kwa kaka yake. Elias aliandika bila aibu yoyote kwamba yeye alibaki nyumbani kuvuna. Alimpa kibarua wake, Amos Tuttle, ng'ombe mmoja na koti ili aende badala yake na ajibu kila aitwapo Elias Penhallow. Jina kwenye orodha ya kikosi lilikuwa la Elias. Miguu iliyokanyaga theluji ilikuwa ya Amos, nayo ilirudi ikiwa imepungukiwa vidole vitatu.

Augusta aliisoma mara mbili, akamwita Bridget Halloran, mtumishi aliyekuwa naye kwa miaka thelathini.

"Niletee koleo."

"Koleo la nini, Bibi? Fundi bomba alikuja Jumanne."

"Nataka kutoa hiki."

Bridget akaangalia utepe, akaangalia barua. Kusoma alijua, ingawa hakuwahi kuulizwa. "Kwa hiyo mzee alijificha?"

"Hakujificha. Alivuna."

"Babu yangu mimi aliiba kondoo, na nalala usingizi mzuri tu."

"Babu yako hayumo kwenye kitabu, Bridget."

"Yumo. Cha mahakama."

Augusta hakucheka, lakini aliuzuia mdomo kwa shida usitabasamu. Bridget akakitoa kipande. Barua ikaenda chini ya glavu, droo ya pili.

Ndiyo maana swali la Winifred lilianguka vibaya. Lydia Rushmead, mgombea mwingine, aliweka uma chini.

"Kwa sonara? Maskini. Nilishakwambia, Augusta mpenzi, ukizidi kuvaa mababu utapinda mgongo."

"Wako ni mmoja, Lydia, na bado umepinda."

Meza nzima ikacheka, hata Lydia, maana asingecheka angeonekana ameumia. Hakuna aliyeuliza tena. Augusta alishinda kwa kura arobaini na moja dhidi ya kumi na tisa, akakaa kitini miaka minne, na wanachama waliokuja baadaye walidhani amekuwa na vipande sita tangu zamani.

Mwaka 1939, mwezi wa Juni, Winifred alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa anamsaidia kufunga mizigo ya Maine. Alifungua droo ya pili. Augusta alimwona, angeweza kumwambia aifunge, hakumwambia. Msichana akasoma, amepiga magoti zuliani, glavu zimezagaa.

"Sonara," akasema.

"Ndiyo."

"Bibi, na yule Bi Minnie wanayesema ulimtoa?"

"Yuko Baltimore. Hajui."

"Kama ulinyamaza, si ungekiacha tu mahali pake? Nani angejua? Kwa nini ulikitoa?"

Augusta alikuwa anakunja shali. Akaimaliza kwanza, ncha kwa ncha, akaiweka sandukuni.

"Nikikivaa, naongopa," akasema. "Nikisema, nakosa kiti. Basi nikakivua, nikanyamaza, nikakaa."