Mgomba wa Kitovu cha Prudence

Tap.

Kitu kimeanguka juu ya mfuniko wa sufuria jikoni. Bado ni giza. Kimya kidogo, halafu tena: tap.

Adventina Nyamburi hawashi taa. Anajua ni ndizi. Mkungu alioutundika juzi kwenye boriti, ukiwa mbichi kabisa, unadondoka wenyewe, ndizi moja moja. Anapapasa sakafuni, anaokota moja na kuivunja karibu na makaa. Ganda ni la njano, zuri. Ndani ni rangi ya kutu.

"Inaiva kabla ya siku zake," anasema. "Kwa nje inakuchekea, ndani ilishaoza. Mpaka unaogopa kuishika."

Adventina, mwenye umri wa miaka 34, analima na kuvundika ndizi katika kijiji kimoja wilayani Butiama, na kuziuza Musoma mjini, ambako wateja wake wa Makoko na Kigera humwita Mama Kisukari, kwa jina la ndizi zake tamu. Mwaka jana alikuwa akipeleka mikungu ishirini kwa wiki. Wiki hii amepeleka miwili.

Kunapopambazuka, shamba lake limetulia vibaya. Upepo upo, lakini majani hayapigi kelele. Yananing'inia kama kanga zilizosahaulika kwenye kamba. Anakata shina moja. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha, polepole, matone ya manjano yanajitokeza kwenye jeraha, mazito kama usaha.

Ni mnyauko wa migomba. Silasi, bwana shamba wa kata, anasema hauna dawa: ung'oe, upitishe panga motoni, ndipo uguse mgomba mwingine.

Migomba hii ililetwa na babu wa mumewe, kwa mtumbwi, kutoka upande wa Bukoba. Yalikuwa machipukizi manne ndani ya gunia bichi. Ndizi hizi hazina mbegu. Kila mgomba hutoka kwenye mwili wa mwingine.

"Kwa hiyo ni yuleyule," anasema Adventina, akishusha sauti. "Babu alikufa, yeye yupo. Anabadilishaga mwili tu. Ndiyo maana ugonjwa ukimjua mmoja, umewajua wote."

Mmoja tu ulikuwa umebaki mzima, nyuma ya nyumba. Chini yake kilizikwa kitovu cha bintiye, Prudence, mwenye miaka saba. Juzi jani lake la kwanza liligeuka njano. Siku hiyohiyo Prudence alipata homa. Zahanati walisema malaria, wakampa dawa, lakini tangu hapo mtoto anakunywa maji tu na kutazama ukuta.

"Usiuguse, Mama Prudence," anaonya mama mkwe wake, Dafroza, akiwa mlangoni. "Mgomba wa kitovu ukikatwa, mwenyewe anafuata."

"Mama, nikiuacha, wadudu watahamishia ugonjwa kwa majirani. Na miche mipya nitaipanda wapi?"

"Miche utapata. Mjukuu mimi nitampata wapi?"

Silasi, aliyekuja kusaidia kung'oa, anajaribu utani. "Bibi, wa kwangu mimi uliliwaga na ng'ombe, na bado nipo."

"Ndiyo maana hujaoa mpaka leo."

Adventina anacheka kidogo, kisha anakoma. Jani la pili nalo limeanza kugeuka.

Anapitisha panga motoni. Anakata mara moja tu. Mgomba haulii, unalala taratibu, kama mtu aliyechoka. Kwenye kisiki, matone ya manjano yanaanza kuchungulia. Dafroza ameshaingia ndani kukaa na mtoto, na nyumba nzima haitoi sauti.

Adventina na Silasi wanachimba mpaka mzizi wa mwisho.

"Nitapanda maharage na viazi vitamu, udongo upumzike," anasema Adventina. Anaongea haraka, mgongo wake ukiwa umeuelekea mlango. "Silasi ameniahidi miche safi, iliyopimwa. Nitaanza na michache. Mmoja nitaupanda kwa ajili ya Prudence, mahali ambapo ugonjwa haujafika. Akikua aukute unazaa."

Mlango unalia. Adventina hageuki. Jembe limesimama hewani mikononi mwake.

Prudence ametoka, amejifunga kanga ya bibi yake inayoburuta chini. Anasimama ukingoni mwa shimo, analichungulia kwa muda mrefu, halafu anamtazama mama yake.

"Mama, nina njaa."